Kabla ya Mnunuzi Kubisha Hodi: Jinsi ya Kuandaa Nyumba ya Kuuza

Mkazi anayeamua kuuza nyumba mara nyingi huanza na rangi. Huita fundi, hununua madebe mawili matatu, na baada ya siku chache kuta zote zinang'aa. Wanunuzi wanakuja, wanatazama, wanasifu, kisha hawaonekani tena. Anayerudi huja na bei ya chini mno. Mnunuzi wa nyumba Mombasa huja na shaka zake, na kila swali asilopata jibu hulipunguza kwenye bei. Kuandaa nyumba ni kuziondoa shaka hizo kabla hajafika mlangoni.

Shaka ya kwanza ni unyevu. Nyumba nyingi za Pwani, hasa za zamani, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na hewa ya bahari ina chumvi mwaka mzima. Chumvi hutokeza ukutani kama unga mweupe, lipu inavimba, rangi inabambuka. Kupaka rangi juu ya ukuta wa namna hiyo ni kutupa pesa, kwani baada ya muda mfupi doa hujitokeza tena palepale. Mnunuzi mwerevu hupitisha mkono chini ya dirisha na nyuma ya kabati, na akikuta rangi mbichi sehemu moja tu, huuliza kinafichwa nini.

Njia iliyo sawa ni kutafuta maji yanatoka wapi. Huenda ni bomba linalovuja ndani ya ukuta, mfereji wa paa uliozibwa na majani, au udongo wa nje uliopanda juu ya msingi. Chanzo kikishazibwa, lipu iliyooza hubanduliwa hadi kwenye jiwe na kupigwa upya kwa mchanga usio na chumvi. Mchanga wa ufuoni haufai hata ukiwa wa bure. Lipu mpya iachwe ikauke wiki nne hivi kabla ya rangi. Ndiyo maana kazi hii hufaa kufanywa wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, jua likiwa kali. Masika yakiingia, mnunuzi atakayekuja mwezi wa Mei atalikagua paa kwa macho yake, na mabati yenye kutu hayatamficha lolote.

Harufu nayo husema. Udi ni mzuri, lakini nyumba iliyofukizwa kupita kiasi saa moja kabla ya mgeni kufika humfanya ashuku kuvu. Kufungua madirisha tangu asubuhi, upepo ukapita chumba hadi chumba, hufanya kazi bora zaidi, tena bila gharama.

Baada ya hapo ndipo mpangilio wa ndani unapokuwa na maana. Sebule nyingi zimejaa: seti ya makochi, meza za vioo, kabati la vyombo, friji na magunia ya vitu vya watoto waliokwisha kuoa. Mnunuzi haoni ukubwa wa chumba, anaona msongamano. Nusu ya vitu hivyo vikihamishiwa kwa jamaa kwa miezi miwili, chumba kileile huonekana kikubwa. Mapazia mazito yaondolewe mwangaza uingie. Rangi iwe nyeupe au ya maziwa, kwa sababu rangi kali ni ladha ya mwenye nyumba, na mnunuzi huanza kuhesabu gharama ya kuibadilisha. Picha za familia na vyeti vya shule vitolewe ukutani, ili mgeni aweze kuwaza watu wake wakiishi humo. Mlango mkuu, bawaba zake na baraza ya mbele visisahaulike, kwani hapo ndipo mnunuzi husimama akisubiri kufunguliwa.

Marekebisho madogo yanalipa kuliko makubwa. Bomba linalodondoka, kitasa kilicholegea, soketi iliyoungua na kioo kilichopasuka hugharimu kidogo, lakini humwambia mgeni kwamba nyumba haikutunzwa. Nyaya zikaguliwe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Kubomoa jiko zima ili kuweka la kisasa ni jambo la kufikiria mara mbili, maana si lazima gharama hiyo irudi kwenye bei.

Swali la maji halikosi kuulizwa. Kila mtu anajua kwamba sehemu kubwa ya maji ya Mombasa husafiri kutoka mbali, Mzima na Baricho, na kwamba mitaa mingine hukaa siku kadhaa bila tone. Mwenye nyumba aseme wazi maji huja siku gani, tangi lina lita ngapi, na kama kuna kisima, maji yake ni ya chumvi au matamu. Shimo la maji taka linyonywe kabla ya ziara kuanza.

Makaratasi ni sehemu ya nyumba

Wauzaji wengi huyaacha makaratasi hadi mnunuzi apatikane. Hapo ndipo mauzo hukwama. Mnunuzi aliyekwisha kupenda nyumba hataki kusubiri miezi, na nyumba ya pili aliyoiona Bamburi bado ipo.

Hatimiliki iwe mkononi na jina lililomo liwe la muuzaji. Ada ya ardhi inayolipwa kwa kaunti iwe imelipwa yote, na cheti cha kuthibitisha kwamba hakuna deni kiombwe mapema. Kama ardhi ni ya kukodi kutoka serikalini, kodi yake nayo iwe haina malimbikizo. Chumba kilichoongezwa nyuma au ghorofa iliyopandishwa iwe na ramani iliyoidhinishwa na kaunti. Wakili wa mnunuzi atauliza.

Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Ile ambayo bado ina jina la babu aliyefariki haiwezi kuuzwa hadi mahakama ithibitishe wasimamizi wa mirathi. Familia za Kiislamu huweza kupeleka shauri hilo katika Mahakama ya Kadhi. Kuuza kabla ya idhini hiyo ni kosa, na ndugu mmoja tu asiyekubali anatosha kuwaingiza wote kortini.

Mombasa ina jambo lake jingine, nyumba isiyo na ardhi. Mwenye nyumba amejenga, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine anayelipwa kodi. Nyumba kama hii huuzwa, ila mnunuzi aelezwe ukweli siku ya kwanza, aonyeshwe risiti za kodi ya kiwanja, na mwenye ardhi ahusishwe kabla ya pesa kutolewa. Anayelificha jambo hili huuza kesi.

Wakati wa ziara, vito, pesa na simu zifungiwe, na mgeni asizungushwe nyumbani na mtoto peke yake. Nakala ya hatimiliki yatosha kumwezesha mnunuzi kufanya upekuzi rasmi katika afisi ya usajili wa ardhi. Hati yenyewe asipewe dalali hata kidogo, ikae kwa wakili. Sheria inawataka maajenti wa nyumba wawe wamesajiliwa na bodi yao, hivyo si utovu wa adabu kumuuliza ajenti cheti chake.

Risiti zote za marekebisho zihifadhiwe. Tangu Januari 2023 muuzaji hutozwa asilimia 15 ya faida aliyopata katika mauzo, na gharama za kuiboresha nyumba hupunguzwa katika hesabu hiyo zikiwa na ushahidi. Mtu aliyeishi katika nyumba yake mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuihamisha husamehewa ushuru huo. Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi, asilimia 4 mjini, naye hupiga hesabu yake akiwa na tarakimu hiyo kichwani. Muuzaji anayetaja bei aikumbuke pia.