Nishani za Vita na Majina Yaliyo Ukingoni

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo, ambacho upana wake ni kama vidole viwili tu. Katika nyumba kadha wa kadha za nchi yetu ya juu, tangu Makambako na Njombe hata vijiji vinavyopakana na uwanda wa Kitulo, kitu hicho kimelala chini ya sanduku la nguo, kimefungwa katika kitambaa. Watoto huonyeshwa siku ya sikukuu, huambiwa, "Hii ni ya babu, aliipata vitani," kisha hurudishwa sandukuni. Kitu hicho ni nishani ya vita ya Serikali ya Kiingereza.

Huko Uingereza na katika nchi nyingine wako watu wapendao kukusanya nishani za namna hii. Tangu mwaka 1942 wana chama chao cha kuzichunguza. Mtu asiyejua hudhani kwamba watu hao wapenda fedha au shaba, walakini sivyo. Mkusanyaji mwenye akili haanzi kwa kuutazama uso wa nishani, penye kichwa cha mfalme. Huigeuza, akatazama ukingoni. Maana nishani elfu nyingi zina uso mmoja, bali ukingo wa kila nishani una mtu wake. Akiisha kulisoma jina lililo pale, ndipo huanza kuuliza: Mtu huyu alikuwa nani? Alitoka kijiji gani? Alipigana wapi, naye alirudi?

Sisi tunaofundisha walimu tuliona vema wanachuo wetu nao wajifunze kuuliza hivyo. Tuliwaambia, mwendapo likizo, waulizeni wazee kama kuna kitu chochote cha vita vya kale nyumbani. Mmoja wao, ambaye kwao ni ukingoni mwa Kitulo, mahali ambapo mwezi wa Juni sakitu huwa nyeupe juu ya majani asubuhi, alirudi na nishani ya fedha. Alikuwa amepewa na bibi yake aituze, kwa sharti airudishe. Ilikuwa ya baba mkwe wa bibi huyo.

Nishani ilimetameta kama sarafu mpya. Tulipoigeuza tuone ukingo wake, tulisikitika. Herufi zilikuwa zimekwisha. Namba ilionekana, na herufi tatu za mwisho, K.A.R., zilionekana, lakini mahali pa jina palikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Tulipouliza sababu tuliambiwa kwamba bibi yule, kwa heshima ya marehemu, aliisugua kwa majivu kila mwaka kabla ya Krismasi, na kabla yake mama mkwe wake alifanya vivyo hivyo. Hivyo wale waliompenda sana ndio waliomfuta jina, wala hawakujua. Kwa ajili ya nishani ile tumeona yafaa kuwaelezeni mambo haya.

Kwanza yafaa kujua nishani hizi zilifikaje huku. Vita vikuu vya kwanza vilianza mwaka 1914, na nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka upande wa Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Yalishika Njombe, yakapigana Malangali mwezi wa Julai, yakafika Iringa mwezi wa Agosti. Baadaye Wajerumani waliokuwa wakirudi kutoka Tabora walipita katika nchi hizi kwa nguvu. Lupembe ikazingirwa, na mwezi wa Novemba 1916 kikosi chao kimoja kilijisalimisha Ilembula. Mwezi wa Oktoba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alipita tena Njombe, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, akaweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kukoma Ulaya.

Katika majeshi ya Waingereza walikuwamo askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya. Jeshi hilo liliundwa mwaka 1902. Tena, msistaajabu mkisikia kwamba mtu mmoja alitumikia pande zote mbili. Mwaka 1917 rejimenti ya sita ya Keya iliundwa, na wengi wa watu wake wa kwanza walikuwa askari wa Kijerumani waliotekwa. Basi mzee aliyesimulia habari za mabwana wawili na kofia za namna mbili, asidhaniwe kwamba aliota.

Baada ya vita hivyo zilitolewa nishani mbili hasa. Ya kwanza ni ya fedha. Upande mmoja ina kichwa cha Mfalme George wa Tano, na upande wa pili mtu amepanda farasi, na farasi amekanyaga ngao yenye tai. Pana miaka 1914 na 1918. Utepe wake una rangi ya chungwa katikati, na pembeni mna nyeupe, nyeusi na buluu. Ya pili ni ya shaba, ina sura ya mwanamke mwenye mabawa, na utepe wake ni kama upinde wa mvua. Kila moja ina upana wa milimita 36. Askari shujaa kupita wenzake aliweza kupewa nyingine, kwa mfano ile iitwayo D.C.M.; na askari wa Kiafrika wa Keya walikuwa na namna yao wenyewe ya nishani hiyo, yenye jina la jeshi lao, hata mwaka 1942.

Sasa tusome ukingo. Shika nishani juani, mwanga uijie kwa ubavu, uizungushe polepole. Kwanza utaona namba, kisha cheo kwa kifupi, kisha jina, na mwisho kikosi. Ukiona tarakimu mbili mbele ya K.A.R., mathalan 2 na 6, ya kwanza ni batalioni na ya pili ni rejimenti: ni batalioni ya pili ya rejimenti ya sita. Andika yote herufi kwa herufi, wala usisahihishe neno, hata ukiona limekosewa. Kosa lenyewe ni ushahidi.

Hapo ndipo penye kazi ya kweli, maana majina yetu yaliandikwa na makarani waliosikia kwa masikio ya kigeni. Penye L akaweka R. Jina refu akalikata. Tena askari mwenyewe pengine hakutaja jina la kwao. Mmoja alitaja jina la babaye, mwingine jina la ubatizo, mwingine jina la utani alilopewa na wenzake njiani. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na jina moja ukingoni mwa nishani na jina jingine kabisa kaburini. Madaftari ya waliopewa nishani yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew, London. Lakini daftari la London laweza kutaja namba na kikosi tu, wala haliwezi kukuambia kwamba mtu huyo ndiye aliyeitwa fulani huko Makete, mwana wa fulani, aliyepanda mti ule mbele ya nyumba. Jambo hilo lajulikana na mzee aketiye motoni, naye akifa halijulikani tena na mtu yeyote.

Sasa tuzitazame nishani za vita vikuu vya pili, vya 1939 hata 1945. Watu wetu walikwenda mbali zaidi: Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma, ambako divisheni ya kumi na moja ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua nyingi mwaka 1944. Walipewa nyota za shaba zenye pembe sita, kama ile ya Afrika na ile ya Burma, na nishani nyeupe yenye sura ya simba. Geuza nyota hizo upendavyo, hutaona jina. Waingereza walizitoa tupu, zao na za Keya pia. Maana yake ni nini? Nishani ya vita vya kwanza ikipotea yaweza kujieleza. Nyota ya vita vya pili ni bubu. Ikitengwa na jamaa zake hata siku moja, pasipo karatasi, imekuwa kipande cha shaba.

Tazameni tofauti. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito katika Uhabeshi, Sajini Nigel Leakey wa batalioni ya kwanza ya rejimenti ya sita ya Keya, yaani Keya wa Tanganyika, alirukia juu ya kifaru cha Waitaliani akakiteka, kisha akauawa alipokuwa akitafuta kuteka kingine. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kuu kuliko zote. Habari zake zilichapishwa mwaka 1945, na jina lake limeandikwa katika ukumbusho huko Nairobi. Ni haki yake. Lakini siku ile hakuwa peke yake. Askari wa Tanganyika walikuwa vitani pamoja naye, nao waliorudi walirudi na nyota zisizo na majina.

Na wapagazi je? Katika vita vya kwanza Waingereza walichukua watu wapatao milioni moja wabebe mizigo, nao zaidi ya elfu tisini walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Upande wetu huu waliitwa tengatenga. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo likawa Kariakoo katika vinywa vya watu. Kila mwenda sokoni Dar es Salaam hulitaja, pengine bila kujua analotaja. Mbali na hapo si sana imesimama sanamu ya askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa kuwakumbuka askari na wapagazi. Ni kazi nzuri, walakini haina orodha ya majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Basi mkitaka kujua kwa nini tunahangaika na herufi chache za ukingoni, sababu ndiyo hiyo. Wenye herufi hizo ni wachache.

Liko jambo jingine la kutahadhari, nalo ni bei. Nishani ya vita vya kwanza ni fedha kweli, na mwenye shida hupelekwa na shida yake kwa mfua fedha. Si kwetu tu. Mwaka 1980, bei ya fedha ilipopanda mno, watu wa Uingereza wenyewe waliyeyusha nishani nyingi za babu zao. Wengine hukwangua jina ili nishani ionekane ya mtu mwingine. Ndiyo maana mkusanyaji huipima, na ikipungua milimita 36 huishuku. Hatumlaumu maskini auzaye mali yake. Twasema tu, kabla haijatoka mlangoni, ukingo wake uandikwe, na habari za mwenyewe ziandikwe pamoja.

Haya basi ndiyo tunayowaomba. Msisugue nishani kwa majivu, mchanga wala ndimu. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Iwekeni pakavu, kwa kuwa ukungu wa Kitulo huingia hata sandukuni. Msitenge nishani za mtu mmoja, hii kwa mjukuu huyu na ile kwa yule, pasipo kuandika. Hati ya kuachiliwa jeshini, kama ipo, ikunjwe pamoja nazo. Nanyi wanafunzi, chukueni daftari moja. Upande wa kushoto andikeni yaliyo ukingoni, upande wa kulia andikeni yaliyo kinywani mwa mzee: jina la nyumbani, jina la baba, kijiji, alikopita, na mwaka aliorudi. Na kwa tengatenga asiye na nishani, upande wa kushoto uachwe mtupu, lakini wa kulia ujazwe.

Mwanachuo wetu aliirudisha nishani kwa bibi yake, tukafuatana naye. Tulimweleza habari ya majivu kwa upole, naye alinyamaza kitambo. Kisha alisema, "Jina lake nalijua mimi," akalitaja, pamoja na la babaye na la babu yake. Tuliliandika katika daftari kando ya ile namba iliyobaki, tukamsomea mara mbili, naye akaitikia kila mara. Nishani haikusuguliwa tena.

Wasikilizaji, kwaherini. Mkifika nyumbani leo, fungueni sanduku.