Bonde Lililozamishwa Ili Boston Inywe

Sisi wa visiwani, tuliolelewa kwa maji ya visima na chemchemi, hatuhitaji kuelezwa thamani ya tone. Leo tunawaomba wasomaji, na hasa ndugu zetu watendaji waliokabidhiwa dhamana ya ardhi, waitazame nasi Massachusetts, jimbo la Marekani.

Mji wa Boston ulipoona maji yake hayatatosha, jimbo liliamua kuuziba mto Swift. Tarehe 28 Aprili 1938 miji minne, Dana, Enfield, Greenwich na Prescott, ilifutwa kisheria. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu walikusanyika kwa dansi katika ukumbi wa Enfield, na ilipogonga saa sita mji wao ukawa haupo tena. Watu wapatao 2,500 walipoteza makwao. Makaburi zaidi ya 7,000 yalihamishwa. Ilipofika 1946 bwawa la Quabbin lilikuwa limejaa, na vilele vya vilima vimekuwa visiwa.

Fidia ya fedha hailipi kaburi la mzazi. Atakapotakiwa mkulima wa kwetu aondoke kando ya chemchemi, ni nani atakayeketi naye barazani kabla ya ramani kuchorwa?

Hata hivyo, hatuna budi kukiri kwamba ardhi ile haikuachwa iwe shamba la bibi. Msitu unaolizunguka bwawa umehifadhiwa. Raia hutembea humo kwa miguu na huvua samaki katika sehemu zilizoruhusiwa, lakini kuogelea ni marufuku. Tai wenye vichwa vyeupe walianza kurejeshwa mwaka 1982. Msitu wenyewe huyalinda maji, hata yakafika Boston, yapata kilomita 100, bila ya mitambo ya kuchuja, ingawa hutiwa dawa.

Kulungu nao walileta matata. Kwa kuwa uwindaji ulikatazwa, walizidi kiasi cha kuimaliza miche, na msitu ukakosa warithi. Mwaka 1991 serikali iliruhusu uwindaji wa kipimo, na wapo waliopinga kwa nguvu. Sisi tunaona serikali ilifanya sawa.

Uwanja wa Dana haukufikiwa na maji. Misingi ya nyumba ingali inaonekana majanini, na pana jiwe la kuwakumbuka waliotoa makwao. Maji yenyewe, sehemu kubwa, huenda mashariki.