Kipandikizi cha Jino: Nani Anafaa, Nani Asubiri

Jino linapong'olewa, macho huona pengo, lakini badiliko kubwa zaidi hutokea chini ya fizi. Mfupa wa taya uliokuwa ukishika mzizi hukosa kazi. Katika mwaka wa kwanza upana wake mahali palipokuwa na gego unaweza kupungua kwa takribani nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Kwa hiyo mgonjwa anayefika kliniki miaka mingi baadaye akiomba kipandikizi hupimwa kwanza mfupa, kwa picha ya eksirei, ili ijulikane umbali uliopo hadi kwenye neva ya taya la chini au uwazi wa hewa ulio juu ya magego ya juu. Neva hiyo ikijeruhiwa, mdomo wa chini waweza kufa ganzi.

Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani inayochukua nafasi ya mzizi, na juu yake huwekwa taji la jino bandia. Msingi wake uligunduliwa na mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliyekuwa akichunguza mifupa ya sungura katika miaka ya 1950 na kukuta kwamba vifaa vyake vya titani vimeshikamana na mfupa hata having'oki. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1965. Mshikamano huo kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6, wala hauharakishwi kwa sababu ya harusi au safari.

Kwa mtu anayefaa, matokeo ni mazuri: zaidi ya vipandikizi 90 kati ya 100 huwa bado vipo baada ya miaka 10. Uzito wa swali uko katika hayo maneno "mtu anayefaa".

Mfano ni mama wa miaka 58 mwenye kisukari, aliyepoteza magego mawili ya chini kwa kulegea, na ambaye wanawe wamemchangia fedha. Meno hayo hayakulegea bure. Ugonjwa wa fizi uliyang'oa, na bakteria wake wangali kinywani. Kipandikizi hakiozi, lakini fizi inayokizunguka huvimba na mfupa wake kuliwa vilevile. Kumpandikizia kabla ya kutibu fizi na kudhibiti sukari ni kuzika fedha za wanawe. Kisukari kilichodhibitiwa vizuri hakimzuii mgonjwa. Kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na kukaribisha maambukizi. Uvutaji wa sigara nao huongeza kushindwa kwa tiba, na anayesaga meno usingizini huweza kuvunja taji au skrubu.

Mhudumu wa afya aulize pia habari ambayo mgonjwa huenda asiihusishe na meno. Je, amewahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni? Anatumia dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfoneti, hasa za sindano? Mfupa wa taya wa watu hawa waweza kufa baada ya upasuaji. Kijana ambaye taya zake zinakua naye asubiri: meno ya asili husogea pamoja na taya, kipandikizi hubaki palepale, na baada ya miaka huonekana kimezama.

Tena si kila pengo linadai kuzibwa, jambo ambalo kliniki zenye kuuza vipandikizi hazina haraka ya kulisema. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa watu waliobaki na magego madogo yote, pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, walitafuna vya kutosha. Mama yule akiwa katika hali hiyo, kutibiwa fizi na kuacha pengo lilivyo ni uamuzi halali. Daraja au meno ya kuvaa na kuvua ni njia nyingine, ingawa daraja hulazimu kuchongwa kwa meno jirani, hata yakiwa mazima.

Akiamua kupandikiziwa, aulize nani atamsafisha na kumkagua kila mwaka, na adai karatasi yenye jina la mtengenezaji na ukubwa wa kipandikizi. Vipuri vya mtengenezaji mmoja mara nyingi havikubali vya mwingine, na skrubu ikilegea akiwa mkoa mwingine, daktari wa huko atahitaji kujua atumie bisibisi ipi.