Kufuli Inayosafiri na Waraka: Namna ya Kulinda Hati za Siri za Taasisi



Tangu kuzinduliwa kwa vituo vya pamoja vya mpakani, cha Mutukula mwezi Novemba 2017 na cha Busia mwezi Februari 2018, gari la mizigo hukamilisha taratibu za nchi mbili mahali pamoja. Nyaraka nazo zimebadili mwendo. Zamani dereva alizibeba katika bahasha. Siku hizi ankara, orodha ya mizigo na nakala ya pasipoti mara nyingi hutangulia kwa barua pepe au kwa WhatsApp kabla lori halijawasili. Hali hiyo imeharakisha biashara, lakini imeleta pia hatari ambayo tumeona ni vyema kuieleza katika toleo hili.

Tuchukue mfano wa ofisi ya wakala wa forodha. Karani anamtumia mwenzake faili yenye aina ya bidhaa, thamani yake, nambari ya gari, jina la dereva na siku ya safari. Mwenzake anaipeleka katika duka la fotokopi ili ichapwe, na faili inabaki katika kompyuta ya duka. Kesho yake nakala imo katika simu za watu ambao mwenye mzigo hawajui. Mhalifu akiipata, hana haja ya kuvizia barabarani akibahatisha, kwa maana ameandikiwa kila kitu. Hatari ni ileile kwa orodha ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo inayoonyesha salio la kila mmoja, au kwa kumbukumbu za wagonjwa wa kituo cha afya.

Wengi huamini kwamba nywila inatosha. Nywila hulinda mlango tu. Aliyepewa nywila akishaifungua faili, anaweza kuinakili, kuichapa, na hata kuisambaza pamoja na nywila yenyewe. Ili kuziba pengo hilo, ulibuniwa utaratibu uitwao usimamizi wa haki za kidijitali. Wengi waliusikia kwanza katika ulinzi wa muziki, filamu na vitabu dhidi ya wanaonakili bila idhini. Baadaye ukaingia maofisini. Kampuni ya Microsoft, kwa mfano, iliuweka katika programu zake za Office za mwaka 2003.

Utaratibu huo hufanya kazi hivi. Kwanza, maandishi ya hati hugeuzwa kuwa fumbo lisilosomeka. Pili, mwenye hati huandika masharti: nani aisome, kama anaruhusiwa kuihariri, kuichapa au kunakili maneno yake, na ruhusa hiyo ikome lini. Tatu, msomaji anapoifungua, programu huwasiliana na seva inayotunza masharti hayo. Seva humtambua mtu huyo, na kama jina lake limo, humpa ufunguo pamoja na mipaka yake. Kwa hiyo faili ikiangukia mikononi mwa asiyehusika, huwa kama sanduku lililofungwa. Mtumishi akiacha kazi, ruhusa yake hufutwa hata kama faili ingali katika kompyuta yake. Mifumo mingine huweka kumbukumbu ya kila aliyeifungua, na huchapa jina la msomaji kwa wino hafifu juu ya kila ukurasa, ili nakala ikivuja ijulikane ilitoka kwa nani.

Hata hivyo, tusiwadanganye: kufuli hiyo ina mipaka yake. Haiwezi kumzuia mtu mwenye ruhusa kuipiga picha skrini kwa simu nyingine, wala kuyakariri aliyoyasoma. Aidha, katika sehemu nyingi za mpakani mtandao hukatika. Mwenye hati anaweza kuruhusu isomwe bila mtandao kwa siku kadhaa, lakini katika siku hizo akiifuta ruhusa, amri yake huenda isimfikie msomaji. Kwa hati nyeti sana, ni heri usumbufu wa kutafuta mtandao kuliko muda mrefu usio na udhibiti.

Kabla ya kununua programu yoyote, tunashauri kila taasisi ifanye mambo manne. Ichambue hati zake na kuamua zipi ni za wazi, zipi ni za ndani na zipi ni za siri. Impe kila mtumishi ruhusa ya kile tu kinachohitajika katika kazi yake. Ikome kutuma hati za siri katika makundi ya WhatsApp na kuzichapa katika kompyuta za umma. Tena, iteue mtu mmoja wa kufuta ruhusa siku ileile mtumishi anapoondoka. Chama kidogo kisichomudu gharama za mfumo huo kinaweza kuanza na hatua hizi, na tayari kitakuwa kimefunga milango mingi.

Jambo hili si la hiari tu. Nchini Uganda, Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na zikivuja aiarifu mamlaka husika mara moja. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, inayotaka taarifa ya uvujaji ulio na hatari kwa wahusika itolewe ndani ya saa 72. Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Anayefanya kazi pande mbili za mpaka azitambue sheria za pande zote mbili.

Hati ikivuja, tunawasihi msifute ujumbe wala kubadilisha simu kwa hofu. Andikeni saa mlipogundua, hifadhini ushahidi, waarifuni wale ambao majina yao yamo, kisha fikeni katika kituo cha polisi kilicho karibu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini tukiarifiwa mapema, dereva anaweza kuonywa kabla hajaondoka, na mwanachama akalindwa kabla mlango wake haujabishwa usiku.

Jina la mtu katika faili ni amana. Tuitunze kama tunavyotunza mali yake.