Kifuko cha Maji Kwenye Ini: Kaka, Usikimbie!

Umemsindikiza mkeo kutoka Bahi hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Altrasaundi inaonyesha kifuko cha maji kwenye ini. Moyo paa! Unawaza kansa. Hebu tulia.

Vifuko vya kawaida si kansa, na vingi haviumi wala havihitaji dawa. Shida huja kikikua: anashiba upesi, anaumwa chini ya mbavu za kulia. Kinaweza kuvuja damu ndani, kuingia usaha, kupasuka, au kubana njia ya nyongo hadi macho yawe ya njano. Kikinyonywa kwa sindano tu, mara nyingi hujaa tena. Ndiyo maana madaktari hukata sehemu ya ukuta wake kupitia matundu madogo tumboni.

Ila Bahi ni nchi ya mifugo, na penye mifugo pana mbwa. Mayai ya minyoo ya mbwa huleta kifuko kingine, kile kinachowasumbua sana Waturkana wa Kenya. Hicho kikitobolewa ovyo chaweza kuua. Hutibiwa kwa albendazo, mara nyingine na upasuaji.

Kwa hiyo mkiingia kwa daktari, mtajieni na mbwa wenu. Aibu ya nini?