Oda Ikikwama, Kiwanda Husimama

Tarehe 29 Agosti 2023, kazi ilisimama katika viwanda vyote 14 ambako Toyota huunganisha magari nchini Japani. Hakukuwa na moto, mgomo wala tetemeko la ardhi. Seva za kuagizia vipuri zilikuwa zimeishiwa nafasi ya kuhifadhi data wakati wa matengenezo yaliyofanywa siku mbili kabla, na seva za akiba, kwa kuwa zilitumia mfumo uleule, nazo zikakwama. Data ilipohamishiwa kwenye seva kubwa zaidi, kazi ikarejea kesho yake.

Udhaifu huo umetokana na nguvu ya mfumo wenyewe wa uzalishaji wa Toyota. Mhandisi wa kampuni hiyo, Taiichi Ohno, alivutiwa na supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri wateja walivyochukua. Akaliingiza wazo hilo kiwandani kwa kadi ziitwazo kanban: fundi akitumia kasha la vipuri, kadi yake hurudi kwa aliyevitengeneza, naye hutengeneza idadi ileile tu. Ghala hubaki dogo, na oda ndiyo inayoamuru kazi.

Kasi ya kazi nayo hutoka kwenye oda. Tuseme zamu ina dakika 450 na yanatakiwa magari 300: kila sekunde 90 litoke gari moja. Yakitoka haraka zaidi, yatarundikana uani bila wanunuzi. Yakichelewa, tarehe walizoahidiwa wateja zitapita. Na kama 200 kati ya hayo ni saluni na 100 ni pikapu, saluni zote hazitangulizwi. Hupita saluni mbili, pikapu moja, kisha mzunguko unarudiwa, ili mtengeneza viti apate kazi ya kiasi kilekile kila saa. Kasi na mpangilio huo vinapaswa kujulikana kabla mteja hajaahidiwa tarehe, na hapa ndipo viwanda vingi hukosea: ofisi ya mauzo hutoa tarehe kwanza, halafu mpanga ratiba huachiwa kuhangaika nayo.

Boeing iliyaonja machungu hayo mwaka 1997. Ilikuwa imepokea oda nyingi mno, ikaongeza kasi ya kuunda ndege kwa ghafla. Wagavi wakashindwa kuleta vipuri kwa wakati. Wafanyakazi wapya walikuwa bado hawajaiva. Oktoba, kampuni ikasimamisha kwa wiki kadhaa uundaji wa ndege za 747 na 737, na kutangaza hasara ya dola bilioni 1.6 iliyotokana na vurugu hizo, huku mashirika ya ndege yakiendelea kusubiri.