Sosi ya saladi ya ukwaju na asali: tengeneza nyumbani kwa dakika 20

Ukila sato wa kukaanga kwenye vibanda vya kando ya ziwa hapa Mwanza, kachumbari inakuja na kipande cha ndimu pembeni. Unakamua, unakula, maisha yanaendelea. Kwa samaki inatosha kabisa. Ila siku ukitaka sahani nzima ya saladi, kabichi, karoti, tango, labda na parachichi, ndimu peke yake inakuwa kali mno na ukifika katikati unajiona kama mbuzi anayekula majani.

Hapo wengi wanakimbilia sosi za chupa za supermarket. Kabla hujalipia, geuza chupa usome nyuma. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwenda kilicho kidogo, na kwenye sosi nyingi tamu sukari iko mwanzoni kabisa. Yaani unanunua maji, sukari na siki kwa bei ya kitoweo.

Kitu cha kutengeneza sosi bora kuliko hiyo kipo sokoni, kinauzwa kwa mafungu: ukwaju. Wasukuma wanauita bushishi, na kwenye uji wanauweka tangu enzi na enzi, kwa hiyo ladha yake si ngeni huku.

Kwa nini ukwaju na si siki?

Matunda mengi yakiiva, ukali unapungua na utamu unaongezeka. Ukwaju haufanyi hivyo. Sukari yake inapanda huku asidi yake, ambayo ni ile ile inayopatikana kwenye zabibu, ikibaki pale pale. Ndiyo maana ukiulamba unasikia uchachu na utamu kwa wakati mmoja. Siki inakupa uchachu tu, utamu wote inabidi uutafute kwingine.

Halafu ukwaju ni mzito. Hilo lina faida utakayoiona kwenye kuchanganya.

Sokoni chagua wenye rangi ya kahawia na unaonata kidogo. Mweusi sana ni wa siku nyingi, bado unafaa ila ladha imeshapoa. Ukiona ukungu, achana nao.

Twende jikoni

Chukua donge la ukwaju la ukubwa wa yai la kuku, kama gramu 50 hivi, weka kwenye bakuli la kioo au la udongo. Sufuria ya alumini iache, asidi inaila taratibu na sosi inapata ladha ya chuma. Mimina nusu kikombe cha maji yaliyochemka, subiri dakika 15, kisha vuruga kwa kijiko mpaka nyama ya ukwaju iachane na mbegu. Chuja kwa chujio la juisi. La chai litaziba tu.

Unapata rojo zito kama uji mwepesi. Likiwa bado la uvuguvugu, weka asali vijiko 2 vya chakula (ya Tabora ukiipata, una bahati), chumvi nusu kijiko cha chai, na tangawizi mbichi iliyokwaruzwa kijiko kimoja cha chai. Koroga mpaka chumvi iyeyuke yote. Utaratibu huu una sababu: chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, ukianza na mafuta utakuja kutafuna chembe zake mezani.

Sasa ndiyo mafuta ya alizeti, vijiko 3 vya chakula. Mimina vyote kwenye chupa yenye mfuniko, ile ya jamu iliyokwisha inafaa sana, tikisa kwa nguvu nusu dakika.

Mafuta na maji hayapatani, hilo kila mtu analijua. Unapotikisa, mafuta yanavunjika kuwa matone madogo madogo, na ukiacha yanaanza kutafutana tena. Uzito wa rojo la ukwaju unayachelewesha. Ukitaka yakae pamoja muda mrefu zaidi, ongeza kijiko kimoja cha chai cha siagi ya karanga. Mapishi ya kizungu hutumia haradali kwa kazi hiyo hiyo, lakini mimi nitachagua karanga kila siku. Inaendana na kabichi kuliko kitu chochote.

Usionje kwa kijiko. Kwenye kijiko sosi yoyote itaonekana kali. Chovya kipande cha kabichi ndipo utafune. Ikikukunja uso, ongeza asali kidogo. Ikizidi utamu, kamulia ndimu. Ikiwa imepooza tu na hujui inakosa nini, mara nyingi inakosa chumvi.

Na usiimwage kwenye saladi mapema. Niliwahi kuandaa kila kitu saa mbili kabla ya wageni kufika nikijiona mjanja. Chumvi ilivuta maji yote kwenye tango, nikapeleka mezani supu baridi ya mboga. Mwaga mnapokaa kula, basi.

Uchachu hauoshi mboga

Hapa naomba usome taratibu. Watu wengi wanaamini ndimu au ukwaju "unaua wadudu", kwa hiyo mboga zinasuuzwa juu juu tu. Ni kweli bakteria wa kipindupindu hawapendi asidi, lakini huwezi kuitegemea sosi ya kijiko kimoja kimoja ifike kila mkunjo wa jani. Mayai ya minyoo ndiyo kabisa, yanavumilia uchachu bila shida.

Mlipuko wa kipindupindu wa 2015 ulianzia Dar es Salaam na ukasambaa hadi huku Kanda ya Ziwa. Saladi haipiti motoni, kwa hiyo usalama wake wote uko kwenye maji na mikono yako. Bandua majani ya kabichi moja moja, sugua, na maji ya mwisho ya kusuuzia yawe yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji.

Kingine ni kisu. Nyumba nyingi za Mwanza sato anaparuliwa magamba na tango linakatwa kwenye kibao kile kile. Katakata mboga kwanza, zifunike, ndipo ushike samaki.

Kama una mtoto wa chini ya mwaka mmoja, asimegewe hata kidogo cha sosi hii. Asali inaweza kubeba vijimelea ambavyo kwenye tumbo la mtu mzima havifanyi kitu, lakini kwa kichanga vinazalisha sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Mtengenezee yake bila asali, au mwache ale mboga zake za kupikwa.

Ikibaki

Kwenye friji inakaa siku nne bila tatizo, tikisa tu kabla ya kutumia. Ukipenda kitunguu saumu, kiweke siku ya kula, usikihifadhi kibichi ndani ya chupa yenye mafuta. Kama huna friji, au umeme wa mtaani kwenu una tabia zake, punguza vipimo nusu utengeneze ya kuisha leo leo.

Na ikibaki kidogo sana, mpake sangara wa kuchoma. Ila afike karibu na kuiva kwanza, maana asali inaungua haraka kwenye mkaa.